Ukuta Ulioandikwa Haiuzwi

Kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yangu ya Kiembeni, kushoto kwa geti, palikuwa na maandishi mekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Chini yake nambari yangu ya simu. Aliyeishi Mombasa hahitaji kuelezwa. Kuna matapeli wanaouza nyumba za watu. Unasafiri wiki mbili kwa shughuli zako, ukirudi unamkuta mtu na fundi wanapima madirisha yako, na mkononi mwake ana karatasi za mauzo zenye jina lako na sahihi usiyoijua. Ndiyo maana watu huandika ukutani. Mimi niliandika mwaka 2014, wiki ileile tuliyohamia, kwa brashi ya inchi mbili na rangi ya mafuta iliyobaki tulipomaliza kupaka madirisha.

Agosti 2022 nilitoka alfajiri, majirani hawajarudi kutoka msikitini, nikayapaka chokaa. Nilipaka mara tatu. Kufika saa nne jua limeshakausha, na herufi zikaanza kujitokeza tena, nyekundu ya kufifia, lakini zasomeka vizuri kabisa. Chokaa haifuniki rangi ya mafuta. Fundi yeyote angeniambia, ila sikutaka kumwita fundi, kwa sababu fundi angeuliza.

Naandika haya kwa kuwa Julai 2025 nilitoka rasmi kwenye ufilisi, na kwa kuwa katika miaka yangu mitatu ya ufilisi nilifuatwa na watu wanne, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akinivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini: nyumba ulifanyaje? Wawili kati yao walikuwa wameshachelewa.

Nilikuwa na trela mbili. Kazi yangu ilikuwa kutoa makontena bandarini na kuyapeleka Nairobi, mara nyingine hadi Malaba. Mwaka 2016 benki ilinikopesha shilingi milioni 8 za Kenya nikanunua trela ya pili, na dhamana ikawa nyumba. Hati ilikuwa na majina mawili, langu na la mke wangu, Mama Salma, nusu kwa nusu. Tulikwenda sote kwa wakili wa benki, naye Mama Salma akaambiwa asome kabla ya kutia sahihi, akasoma kila ukurasa huku mimi nikitazama saa. Mwaka uliofuata reli mpya ya SGR ikaanza kubeba abiria, na Januari 2018 ikaanza kubeba mizigo. Mwanzoni tuliona ni mzaha, nani atamshinda dereva wa lori? Lakini Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya kwenda bara ipande reli na ikatolewe huko Nairobi. Nilikuwa miongoni mwa walioandamana. Pale Changamwe na Jomvu ungeona magari yameegeshwa mchana kutwa, matanboi wamelala chini ya trela, mama lishe wanafunga mapema. Amri ikaja kulegezwa, lakini wateja wangu wawili wakubwa hawakurudi. Kisha ikaja korona. Nikauza trela moja, nikauza ya pili, na pesa zote zikaishia kwenye malimbikizo na mishahara. Deni la nyumba likabaki pale pale. Septemba 2022 rais mpya alipoapishwa akatangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Niliisikia redioni nikiwa kwa dalali, nasubiri mtu aje kuitazama nyumba yangu.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye barua, maana hapo ndipo nilipokosea.

Sheria ya ardhi ya Kenya, ile ya mwaka 2012, haimruhusu mkopeshaji aamke tu akakuuzia nyumba. Ukikosa kulipa, kwanza inapita angalau mwezi, kisha anakupa notisi ya miezi 3 urekebishe mambo. Usiporekebisha anakupa notisi nyingine ya siku 40 kwamba anakusudia kuuza. Kisha dalali wa mnada naye ana notisi yake ya siku 45 ya kukomboa, halafu ndipo atangaze gazetini, na kutoka tangazo hadi mnada zipite tena angalau siku 14. Ukijumlisha ni zaidi ya nusu mwaka. Nusu mwaka ni muda wa kutosha kuuza nyumba Mombasa kwa bei nzuri, bila presha, wewe ndiye unayechagua mnunuzi. Mimi nusu mwaka huo niliziweka barua juu ya friji. Nilizipanga vizuri, kwa tarehe, ya juu kabisa imefunikwa na mfuko wa sukari. Mama Salma alidhani ni karatasi za bima ya magari. Nilimwambia hivyo.

Najua wanaume wengi wamefanya hivi. Huku kwetu tuna neno sitara, na ni neno zuri. Mtu hufunikwa aibu yake, hufunikwa njaa yake, jirani hupika akagawa bila ya kuuliza kwako kuna nini. Tumelelewa hivyo. Lakini nyumba ni kitu cha kutangaziwa watu. Huwezi kuiuza na kuificha kwa wakati mmoja, na mimi nilijaribu kufanya yote mawili kwa muda mrefu mno.

Aliyenitoa mafichoni si benki. Alikuwa ni mtu wa tairi, niliyekuwa nikichukua mali kwake kwa mkopo tangu mwaka 2011, jina langu limo kwenye daftari lake la kwanza. Februari 2022 wakili wake aliniletea dai rasmi la kisheria: nilipe katika siku 21, la sivyo ataiomba mahakama initangaze mufilisi. Sikumchukia wakati ule, na simchukii sasa. Alikuwa amesubiri miaka miwili, naye alikuwa na watoto shuleni.

Neno lenyewe kwetu ni tusi kabla ya kuwa neno la sheria. Mufilisi. Mtoto akigombana na mwenzake atamwambia babako mufilisi. Kwa hiyo niliposikia wakili ninayeweza kumlipa, msichana wa rika la binti yangu mkubwa, ofisi yake ghorofani Barabara ya Nkrumah, akilitamka kama mtu anavyotamka neno dafu, nilishtuka. Alinieleza kwamba kuna Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 iliyochukua nafasi ya ile ya enzi za ukoloni, na kwamba si lazima ningoje kuvutwa. Mdaiwa mwenyewe anaweza kwenda Mahakama Kuu na ombi lake. Ambaye hana mali kabisa na deni lake halizidi milioni 4, kuna njia nyepesi zaidi. Wangu ulikuwa mzigo mwingine. Nje ya benki nilikuwa nadaiwa milioni 5.3: mafuta, tairi, gereji, chama, na jamaa wawili.

Kisha akauliza, “Kuhusu nyumba, kuna chochote umefanya tayari?”

Nikanyamaza. Kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo nilikuwa karibu kulifanya.

Kaka yangu mkubwa alikuwa amekuja nyumbani wiki ile. Ni mtu mwema, na alichokisema alikisema kwa huruma. “Baba Salma, mimi nitailipa benki. Milioni 7 na kidogo. Tuandikishiane kwamba umeniuzia, nyumba iwe kwa jina langu, wewe na watoto mkae humuhumu. Akija mtu kukudai, huna kitu.” Niliona mlango umefunguka. Usiku ule nililala kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Wakili alisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua kalamu. Bei ya nyumba sokoni kama milioni 14 na nusu. Deni la benki milioni 7.4. “Tofauti ni ya nani?” akaniuliza. Nikasema ni yangu. Akasema hapana, nusu ni ya mkeo, na nusu ni ya watu waliokuandika kwenye daftari zao. Mauzo ya bei ya kutupa kwa ndugu, miezi michache kabla ya ufilisi, ndicho kitu cha kwanza ambacho msimamizi wa mali ya mufilisi hukitafuta, na mahakama ina uwezo wa kuyatangua. Kakangu angekuwa ametoa milioni zake na kuburutwa kortini. Nami ningekuwa nimeonekana mficha mali, na mficha mali hupingwa asifunguliwe kutoka kwenye ufilisi wakati wake ukifika.

Nilikwenda kwa mamangu Majengo kumweleza, kwa sababu kaka alikuwa ameshamwambia na alikuwa amefurahi. Mamangu ana nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba pande mbili, lakini ardhi iliyo chini yake si yake. Ni ya ukoo mwingine kabisa, na kila mwezi yeye hulipa kodi ya ardhi, kama alivyolipa babangu na babu kabla yake. Wageni hawalielewi jambo hili, kwamba mtu Mombasa anaweza kumiliki kuta na paa na asimiliki udongo. Ndiyo maana hapa ukimwambia mtu nyumba inauzwa, swali lake la kwanza ni, yauzwa na ardhi? Mamangu alikuwa akikuna nazi. Alisikiliza, mbuzi inakwaruza, hakuinua macho. Alipomaliza kifuu akasema, “Yule wa mafuta wa Jomvu, ulipofiwa na babako si ndiye aliyeleta gunia la mchele?” Nikasema ndiye. “Sasa wamficha nini?” Akachukua kifuu kingine.

Jioni ile nikampigia kaka simu. Kisha nikateremsha barua zote kutoka juu ya friji na kumpa Mama Salma. Alizisoma zote kama alivyosoma ule mkataba wa 2016, ukurasa kwa ukurasa, kwenye kitanda, taa ya simu mkononi kwa kuwa stima ilikuwa imepotea. Hakuniambia neno hadi asubuhi. Asubuhi akaniambia, “Nusu ni yangu. Kuanzia leo barua ya nyumba hii nasoma mimi kwanza.” Ikawa hivyo hadi mwisho, na yaliyokwenda vizuri kuanzia hapo yalikwenda vizuri kwa sababu hiyo.

Ombi liliingia mahakamani Aprili, amri ikatoka Juni 2022. Tangazo likachapishwa, jina langu kamili, kila mtu aone. Mwezi uliofuata niliwasilisha taarifa ya hali yangu ya kifedha, kila ninachomiliki na kila ninayedaiwa naye. Hiyo tarehe ishike sana, kwa sababu miaka 3 ya kufunguliwa kwako huhesabiwa kuanzia siku unapowasilisha taarifa hiyo. Nimemjua mtu aliyekaa na fomu hizo nyumbani mwaka mzima akidhani saa yake inakwenda.

Sasa, jambo ambalo watu hawalijui, na ndilo lililowachelewesha wale wawili. Amri ya ufilisi ikishatoka, mali yako haiko tena mikononi mwako. Inakwenda kwa msimamizi. Huwezi kuuza nyumba, huwezi kutia sahihi, huwezi hata kumpa mtu neno lako. Nusu yangu ya nyumba ilikuwa ya msimamizi kuanzia siku ile. Nusu ya Mama Salma ikabaki yake. Na amri hiyohiyo iliyowazuia mtu wa tairi na mtu wa mafuta wasinishtaki tena, haikuizuia benki. Benki ina dhamana. Mwenye dhamana anasimama nje ya foleni. Akitaka atauza kama ambavyo angeuza hata kama usingefilisika. Ukidhani ufilisi utakulindia nyumba iliyo na rehani, utashtuka siku madalali watakapobandika karatasi kwenye geti.

Kwangu waliibandika. Juu ya yale maandishi yangu mekundu.

Mthamini alikuwa ameshapita na kuandika bei mbili, kama kawaida yao: bei ya soko milioni 14.5, na bei ya kuuza kwa haraka, robo tatu ya hiyo, milioni 10.9 hivi. Sheria inamtaka anayeuza kwa rehani atafute bei bora inayopatikana kwa busara, na bei ikishuka chini ya soko kwa robo au zaidi, inachukuliwa kwamba amevunja wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Ndiyo maana minada mingi huelea palepale, kwenye robo tatu. Piga hesabu mwenyewe. Milioni 10.9, toa 7.4, toa gharama za mnada, unabaki na kama milioni 3. Za kugawana mke wangu na watu wote wanaonidai.

Mama Salma na wakili wakamwandikia msimamizi barua, kisha wote watatu wakaiandikia benki: tupeni siku 90 tuuze wenyewe kwa makubaliano. Msimamizi aliafiki haraka, maana kila shilingi iliyo juu ya deni la benki ilikuwa inaingia kwa wadai wake. Benki ilikubali kwa sharti. Mnada utatangazwa vilevile, ufanyike mwishoni mwa Oktoba, na utaahirishwa tu endapo wataona mkataba umetiwa sahihi na arubuni, yaani malipo ya kwanza, ya asilimia 10 imeingia. Nadhani walikuwa na haki. Wameona wengi wanaoomba siku 90 ili walale.

Ndipo nikapaka ile chokaa.

Dalali niliyempata alinishauri nisiseme. “Sema wahamia Nairobi, ami. Ukisema ufilisi watakunyonga kwa bei.” Mnunuzi wa kwanza alikuja, akapewa hadithi hiyohiyo ya Nairobi akaiamini, ila alikwenda kufanya sachi kwenye ofisi ya ardhi, akaikuta rehani ya benki, akarudi amekasirika. Si kwa sababu ya rehani. Kwa sababu hakuambiwa. Wa pili alijua kila kitu, mtu fulani alikuwa amemwonyesha tangazo. Alikaa kwenye kochi letu, akaweka milioni 8 mezani kwa maneno, akasema, “Huna pa kwenda.” Mama Salma alimfungulia mlango. Wa tatu alikuwa mpole, bei yake nzuri, milioni 13, lakini alitaka mkataba uandikwe milioni 9 na nyingine zipitie mkononi, ili apunguze ushuru wa stampu, ambao mjini ni asilimia 4 na ni juu ya mnunuzi. Zamani ningekubali. Watu wengi hufanya. Lakini zile milioni 4 zingepita nje ya mikono ya msimamizi, na mimi nilikuwa nimeshaapa kwa maandishi.

Septemba ikaisha. Tangazo la mnada likatoka gazetini, nambari ya ploti, jina la mtaa, “vyumba vinne vya kulala, kisima, banda la gari.” Nilikata kile kipande nikakiweka kwenye pochi. Sijui kwa nini. Bado kiko.

Wa nne alikuwa bi mkubwa, peke yake, na buibui lake na mwavuli. Mwanawe na mkwewe wako Qatar, wametuma pesa, yeye ndiye macho yao. Hakuanza na vyumba. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafungua mfereji, akakinga maji kwenye kiganja, akaonja. Akatema.

“Ya kisima haya.”

“Ya kisima, mama. Ya kaunti huja Jumatano na Jumamosi, yanaingia tangi la juu. Ya kunywa twachota huko.”

“Yana chumvi kidogo.”

“Yana chumvi.”

Akafunga mfereji, akajifuta mkono kwa ncha ya mtandio. Akaita kila chumba kwa mwelekeo wake, hiki cha kusi, hiki cha kaskazi, kama mtu anayechagua pa kulala mgonjwa. Tukatoka nje. Akasimama mbele ya ukuta na kuusoma, herufi kwa herufi, pale zilipojitokeza chini ya chokaa.

“Haiuzwi,” akasema. “Na sasa mbona wauza?”

Dalali alifungua mdomo. Nikamtangulia. “Nimefilisika, mama. Mahakama imenitangaza. Nyumba ina rehani ya benki, na tarehe ya mnada ni siku kumi na moja kutoka leo.”

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema neno lile kwa mtu asiyekuwa wakili wala jamaa. Nilitegemea ageuke aende zake. Alinitazama vizuri, kisha akasema kitu ambacho dalali wangu wa miaka ishirini kwenye kazi hiyo hakukijua. Alisema nduguye alinunua nyumba Mtwapa kwa mtu mwenye raha zake, kumbe ilikuwa imeshauzwa kwa watu wengine wawili, na kesi haijaisha hadi leo. “Hii yako imeshatazamwa na benki, na korti, na huyo msimamizi. Hati yake wameichungua watu wangapi?” Akaniomba nimwandikie majina ya mawakili wote, na nambari ya kesi.

Na alikuwa sahihi. Ile hati ilikuwa imelala kwenye sefu ya benki miaka sita. Hakuna aliyeweza kuitumia kumwibia mtu. Nilikuwa nimeuona ufilisi wangu kama doa la kufichwa, na kwake yeye ulikuwa ndio ushahidi kwamba kuta alizokuwa akizigusa zipo kweli na mwenyewe ni huyu.

Tulikubaliana milioni 13.2. Siku nne kabla ya mnada arubuni iliingia kwenye akaunti ya wakili, na benki ikaahirisha.

Yaliyofuata yalikuwa karatasi, na karatasi zina ubishi wake. Benki haitoi hati mpaka ilipwe, mnunuzi halipi mpaka aione hati. Mawakili wakaandikiana ahadi, huyu akimfunga yule, mpaka ikawezekana. Mauziano yakatiwa sahihi na msimamizi kwa nusu yangu na Mama Salma kwa nusu yake. Mimi sikutia sahihi popote. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, nikitazama nyumba niliyoichimbia msingi ikiuzwa na watu wawili, na mmoja wao ni mke wangu. Kaunti ilitudai kodi ya ploti ya miaka kadhaa, na bila ya kuilipa hupati cheti cha kuonyesha huna deni, na bila cheti hakuna kuhamisha umiliki. Ikakatwa kwenye bei. Kodi ya faida ya mauzo, ambayo Januari 2023 ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 tukiwa katikati ya shughuli na kuwatia watu wengi hofu, sisi haikutugusa, kwa sababu nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuuza imesamehewa. Tulipeleka bili za stima na za maji kuthibitisha. Weka bili zako.

Februari 2023 pesa zikagawanywa. Benki 7.4. Dalali, mawakili na kaunti kama laki sita. Zikabaki milioni 5.2. Mama Salma akapata 2.6, na hizo hakuna aliyeweza kuzigusa. Zangu, 2.6 nyingine, zikaenda kwa msimamizi, akatoa gharama zake, na kila aliyenidai shilingi akapata kama senti 40. Si haki yao yote. Lakini kwa mnada wasingefika hata nusu ya hizo, na kwa mpango wa kaka wasingepata chochote. Yule wa mafuta wa Jomvu alinipigia siku aliyopokea. Hakusema mengi. Aliuliza habari ya mama.

Tulihamia Mishomoroni, nyumba ya kupanga, vyumba viwili. Niliruhusiwa kubaki na vyombo vya ndani na vifaa vyangu vya kazi, nikaanza kurekebisha breki za malori ya watu wengine pale Mikindani, na ndiyo kazi ninayoifanya hadi leo. Miaka mitatu hiyo huwezi kukopa kama zamani wala kuendesha kampuni, na Katiba inakuzuia hata kugombea ubunge, jambo ambalo halikuninyima usingizi.

Siku ya kukabidhi funguo bi mkubwa alikuja na daftari la shule. Nikamwonyesha swichi ya pampu, kifuniko cha choo cha shimo kilichofichwa na mlangilangi, ufunguo upi wa geti hukwama ukiuzungusha haraka. Aliandika yote kwa herufi za Kiarabu, polepole. Mama Salma akaomba achukue mche wa mkadi, akaambiwa achukue mitatu.

Tulipofika nje akausimamia tena ule ukuta. “Na haya maandishi yangekaa,” akasema. “Wenyewe wako mbali, na mimi siishi hapa kila siku.”

Nikamwambia nitakuja Jumamosi. Nikaja na sandapepa, brashi ya inchi mbili na kopo dogo la rangi nyekundu ya mafuta. Nilikwangua chokaa yangu yote mpaka saruji ikaonekana, ilichukua asubuhi nzima, kisha nikapiga mistari kwa penseli na kuandika upya. Nyumba hii haiuzwi. Majirani walipita, wengine wakasimama, nikawasalimu. Bi mkubwa alikuwa ameketi kivulini kwenye kiti cha plastiki. Nilipofika mstari wa chini nikamuuliza nambari yake ya simu. Akavaa miwani, akatoa simu kwenye mkoba, akaanza kunisomea moja moja.